Nyumba ya taslimu uzeeni: riba imeepukwa, mirathi je?

  

Ndugu zangu Waislamu, katika familia zetu za pwani na visiwani ni chache zisizokuwa na jamaa ughaibuni. Waliokwenda Marekani katika miaka ya themanini na tisini wakiwa vijana, leo wana mvi. Wamefanya kazi miaka thelathini na zaidi, watoto wamekua na kuoa, na ile nyumba ya ghorofa waliyolelea watoto imekuwa mzigo kwa magoti. Baadhi yao huiuza, wakazikusanya fedha zao, wakanunua kwa taslimu nyumba mpya ya chini katika vitongoji vilivyojengwa mahususi kwa ajili ya wastaafu. Swali linalotufikia, mara nyingi kwa kupitia ndugu waliobaki huku, ni hili: je, ununuzi wa namna hiyo una tatizo katika sheria?

Asili yake ni halali, wala hakuna khilafu katika hilo. Lakini muulizaji anauliza juu ya mlango ambao ameshaufunga mwenyewe. Aliyelipa taslimu amesalimika na riba. Kinachobaki kimo ndani ya karatasi anazotia saini siku hiyohiyo, hasa ile inayoeleza nyumba ni ya nani na baada ya kufa kwake itakwenda kwa nani. Hapo ndipo watu wengi wema huteleza, tena wakiwa na furaha ya kuwa wametii.

Tusiidharau, hata hivyo, neema ya kulipa taslimu. Katika nchi ile wanunuzi wengi hukopa benki kwa riba, na mkopo wa miaka thelathini ni jambo la kawaida. Wanavyuoni wamevutana kuhusu Waislamu wanaoishi huko. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti liliruhusu mkopo huo kwa mwenye haja ya makazi asiye na njia nyingine, kwa masharti, na wengine wakaikataa ruhusa hiyo katakata. Mwenye fedha mkononi ametoka katika mvutano wote huo, amshukuru Mola wake.

Ila ajue kwamba soko halimshangilii kama anavyodhani. Wajenzi wengi wa nyumba mpya hutoa punguzo kwa mnunuzi anayekopa kwa kampuni ya mikopo wanayoshirikiana nayo, na mlipaji taslimu huambiwa kwamba punguzo hilo halimhusu. Asikubali upesi. Aombe bei yenyewe ishushwe, kwani bei ya taslimu kuwa chini ya bei ya muda ni jambo ambalo jumhuri ya mafakihi wameliruhusu, maadamu pande mbili zimeachana juu ya bei moja. Pia benki, kwa kulinda fedha zake, humlazimisha mkopaji kuithaminisha nyumba na kukata bima ya hati. Mlipaji taslimu hana wa kumlazimisha, basi ajilazimishe: aweke mkaguzi wake ijapokuwa nyumba ni mpya na rangi haijakauka, na hati ichunguzwe isije ikawa na madai ya fundi ambaye hakulipwa. Na wapo wezi wanaoingia katika barua pepe za watu wakaleta namba ya akaunti nyingine siku ya malipo. Apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo kabla ya kutuma hata senti. Mtume (SAW) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kisha ndipo atawakali.

Ikiwa nyumba haijajengwa bado, mkataba wake ni wa istisnaa, ambao Chuo cha Fiqhi cha Kiislamu cha Jeddah kiliupitisha mwaka 1992, kwa sharti kwamba sifa za kitu na muda wa kukikabidhi vibainishwe.

Neno moja juu ya zaka. Fedha zilizokaa mwaka mzima wa Hijria zikisubiri nyumba zina zaka, hata kama nia ya mwenyewe ni kununua makazi. Aliyekaa na dola 240,000 mwaka mzima anadaiwa dola 6,000, na nyumba haiwezi kuzifuta. Akishanunua na kuhamia, nyumba anayokaa haina zaka.

Sasa tuviangalie vitongoji vyenyewe. Mfano uliovipa umaarufu ni Sun City, karibu na Phoenix katika jimbo la Arizona, uliofunguliwa tarehe 1 Januari 1960 na kampuni ya mjenzi Del Webb. Nyumba za chini, bwawa la kuogelea, uwanja wa gofu, majirani wa rika moja. Vitongoji vya namna hiyo vimeenea tangu wakati huo. Sheria ya Marekani kwa kawaida inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto, lakini vitongoji vya wazee vimetolewa katika katazo hilo. Kwa sheria ya mwaka 1995, kitongoji cha waliofikisha miaka 55 kinatakiwa kuwa na mtu angalau mmoja wa umri huo katika asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa. Juu ya hapo kila mahali huweka kanuni zake, na nyingi hukataza mtoto kuishi humo, akiruhusiwa kuzuru kwa siku maalumu tu kwa mwaka.

Kwetu sisi hili ni zito. Bibi asiye na mjukuu miguuni ni kitu ambacho mila zetu hazikijui. Sisemi ni haramu; mzee ana haki ya utulivu, na nyumba yenye nafasi na jirani mwema vimetajwa katika Hadithi kuwa miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu. Lakini Muislamu hulazimika kutimiza masharti aliyoyakubali. Asisaini leo kwamba mtoto hatakaa humo, kisha kesho bintiye akaachika, akamleta na wanawe watatu wakafichwa nyuma ya mapazia. Kama anajua kwamba familia yake ni ya watu wa kukimbiliana, basi nyumba hiyo si yake, hata ikiwa nzuri namna gani. Aulize pia umbali wa msikiti. Gofu ipo hatua mia. Ijumaa huenda ikawa mwendo wa saa nzima kwa gari, na mzee hataendesha gari milele.

Wala asidhani kwamba nyumba iliyolipiwa haina madai tena. Kuna kodi ya mali na ada ya chama cha wamiliki, na katika majimbo mengi chama kinaweza kuishika nyumba, hata kuiuza, kwa ajili ya ada zisizolipwa.

Nirudi kwenye karatasi ile. Siku ya kukabidhiana, mume na mke huulizwa: hati iandikwe vipi? Wengi huchagua, au huchaguliwa, umiliki wa pamoja wenye haki ya anayebaki. Maana yake ni kwamba mmoja akifa, nyumba yote inakuwa ya mwenzake palepale, bila kupita katika mirathi wala wasia. Hata kama marehemu aliandika wasia mzuri wa Kiislamu, wasia huo haugusi nyumba, kwa kuwa kwa sheria ya nchi nyumba haikuwa tena katika mali aliyoiacha.

Tuchukue mfano. Mtu amenunua nyumba ya dola 240,000 kwa fedha zake pekee, na hana mali nyingine wala deni. Akafariki, akaacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na mama yake mzazi, ajuza aliyeko Pemba. Kwa mujibu wa aya za mirathi katika Suratun Nisaa, mke ana thumni, yaani dola 30,000. Mama ana sudusi, dola 40,000. Zinazobaki, 170,000, ni za watoto: kila mwanamume 68,000 na binti 34,000. Kwa hati ile, mama wa Pemba hapati hata nauli ya kwenda kuzuru kaburi la mwanawe, na mtoto aliyezaliwa kwa mke wa kwanza, akabaki Tanga, hana cha kudai mbele ya mahakama yoyote ya huko. Haki zao zimeondoshwa kwa alama moja ndani ya kisanduku.

Nasikia atakayesema: basi tumwandike mume peke yake. Hapana, kwani dhuluma haiondolewi kwa dhuluma. Mke aliyetoa nusu ya bei kwa jasho lake ana nusu yake kabla ya mirathi kuanza, na thumni yake huhesabiwa katika nusu ya mume tu. Nimewaona wanaume wanaoikumbuka faraidhi pale inapopunguza fungu la mjane, na kuisahau pale mjane anapotaja kile alichochangia. Hati iandike kila mmoja ana sehemu gani, bila kifungu cha anayebaki, na kila mmoja aache wasia unaokubalika kwa sheria ya jimbo lake, ukigawa sehemu yake kwa mafungu ya Qur'ani. Wengine hutumia amana, ambayo mwenye mali anaweza kuibadilisha akiwa hai, nayo ni njia nzuri ikiandikwa na wakili anayeelewa kinachotafutwa.

Majimbo hayafanani. Katika Arizona, mali iliyochumwa na mume akiwa katika ndoa kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya wote wawili nusu kwa nusu. Katika Florida, wanakohamia wastaafu wengi, katiba ya jimbo inaibana nyumba ya makazi: mwenye mke hawezi kuigawa kwa wasia atakavyo, na akiigawa hivyo mke hupewa haki ya kukaa humo maisha yake yote, kisha iende kwa kizazi cha marehemu, au achague nusu. Mke anaweza kuiacha haki hiyo kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili. Basi na aelezwe kwa lugha anayoifahamu, aridhie kwa moyo, na asisainishwe akiwa jikoni. Akikataa, hajaivunja sheria ya nchi yake. Mume atafute suluhu nyingine akiwa hai, kama kumpa mama yake hiba ya fedha sasa hivi, akiwa na afya.

Na mjane mwenyewe atakaa wapi? Eda yake ni miezi minne na siku kumi, na Mtume (SAW) alimwamuru Furay'a bint Malik abaki katika nyumba yake mpaka muda utimie. Warithi wakubwa wanaweza kuridhiana aendelee kukaa hata baada ya hapo. Lakini mzee wa miaka 68 aliyeoa mke wa miaka 45 aisome kanuni ya kitongoji kabla ya kulipa: vingine humruhusu mjane aliye chini ya miaka 55 kubaki, vingine huweka masharti. Watoto nao wanaweza kuirithi nyumba wasiweze kuishi ndani yake. Itawabidi waiuze, au waipangishe kwa mtu wa umri unaotakiwa, kama kanuni inaruhusu kupangisha. Swali hilo aulizwe mwuzaji, na jibu lake litolewe kwa maandishi.

Na Allah ndiye ajuaye zaidi.