Mtoto Anakwenda Chuo Kondoa: Ajiunge na Jumuiya au Akae Peke Yake?

Majina ya waliopata nafasi za vyuo yanapotoka, nyumba nyingi za Unguja na Pemba huingia furaha na wasiwasi kwa pamoja. Safari ya bara si ngumu kama zamani: boti hadi Dar es Salaam, treni ya umeme hadi Dodoma iliyoanza mwaka 2024, kisha basi kwa barabara ya lami hadi Kondoa, kiasi cha kilomita 160. Kinachowasumbua wazee si njia. Ni nani atakayempokea mtoto akifika, na atampeleka wapi.

Ndani ya wiki za mwanzo mwanafunzi ataitwa na wengi. Kuna jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, kuna chama cha waliotoka mkoa mmoja au kisiwa kimoja, kuna kikundi cha kuwekeana akiba, na wakati mwengine kuna duara la watu wachache wasiotaka kujulikana. Wazazi wengi, kwa kuogopa hilo la mwisho, humwambia mtoto: "Soma tu, usijiunge na kitu chochote." Tunaona nasaha hiyo ina nia njema, lakini haimlindi mtoto. Kijana asiye na watu ndiye anayetafutwa zaidi na wenye nia mbaya.

Wapo wanaosema Kondoa hakuna haja ya jumuiya kwa kuwa ni mji wa Waislamu. Ni kweli kwamba Uislamu una mizizi mirefu kwa Warangi, tangu enzi za misafara ya biashara kutoka pwani, na adhana ya alfajiri inasikika Kondoa kama inavyosikika Wete au Mkoani. Lakini mji si chuo. Chuo cha ualimu cha Serikali kama Bustani, kilichopo hapo hapo Kondoa, hupokea vijana wa mikoa na dini mbalimbali. Pahala pa kuswalia, muda wa Ijumaa, futari na daku kwa wanaokaa dakhalia, yote haya ni vigumu kuyaomba mtu mmoja mmoja. Huombwa na jumuiya inayotambuliwa na chuo, yenye viongozi wanaojulikana. Na mwanafunzi akiugua usiku, au pesa za matumizi zikichelewa, mji mzima wa Waislamu haujui jina lake. Wanaolijua ni wenzake.

Hata hivyo, khofu ya wazazi haikutoka hewani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na kundi la siri la wanafunzi wa kiume lililojulikana kwa jina la Mzee Punch. Lilibandika maandishi na michoro ukutani kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wa kike, na aliyelengwa alitengwa na wenzake. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa. Baada ya hapo ndipo kundi hilo lilipopigwa marufuku.

Marekani jambo hili lina sura rasmi zaidi. Kuna vyama vya udugu vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, na mfano wa mwanzo ni Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa mwaka 1776 kikiwa na siri na viapo. Katika baadhi ya vyama vilivyofuata, mgeni hulazimishwa kunywa pombe na kudhalilika ili akubaliwe, na vijana wamekufa humo. Mwaka 2013 wanafunzi Waislamu wa Chuo Kikuu cha Texas, tawi la Dallas, walianzisha chao kisicho na pombe, Alpha Lambda Mu, kwa kufuatisha herufi za Alif Laam Miim. Walitafuta kile ambacho kila kijana aliye mbali na kwao hukitafuta: watu wa kumwita ndugu.

Dini yetu haikulipuuza hitaji hilo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), kabla ya kupewa Utume, alihudhuria Hilful-Fudhuul katika nyumba ya 'Abdullaah bin Jud'aan. Sababu yake ilikuwa mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen aliyedhulumiwa mali yake Makkah akakosa mtetezi. Watu wakaahidiana kusimama na kila aliyedhulumiwa, na Mtume alisema baadaye kwamba lau angeitwa kwa ahadi kama hiyo katika Uislamu angeitikia. Wakati huo huo imepokewa katika Swahiyh Muslim kwamba hakuna tena muungano wa kiapo katika Uislamu, na kwamba ule wa zama za Jaahiliyyah uliokuwa wa kheri umezidishiwa nguvu tu. Wanavyuoni wameeleza kwamba kinachokatazwa ni kiapo cha kusaidiana kwa haki na batili, ambapo mwanachama hutetewa hata akidhulumu.

Tuangalie pia Madiynah. Mtume aliunganisha udugu baina ya Muhaajiruna na Answaar, mgeni na mwenyeji. Sa'd bin Ar-Rabiy' alitaka kumpa 'Abdur-Rahmaan bin 'Awf nusu ya mali yake, naye akamuombea baraka na akauliza soko liko wapi. Mwanzoni ndugu hao walikuwa wakirithiana. Kisha hukmu hiyo ikaondolewa, na Aayah ya mwisho ya Suwratul-Anfaal ikarejesha haki hiyo kwa jamaa wa damu. Funzo hapa ni kubwa: ikiwa udugu ulioundwa na Mtume mwenyewe haukufuta haki ya jamaa, basi hakuna jumuiya ya chuo inayoweza kumwambia kijana awafiche wazazi wake au awaone si kitu.

Hapa ndipo penye mpaka. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, liliua watu 148. Mmoja wa washambuliaji alikuwa amehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikwisharipoti kuwa mwanawe amepotea. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi ilimhukumu kifungo cha maisha kijana Mtanzania kwa kuhusika, ambaye iliripotiwa kuwa aliwahi kuwa mwanafunzi wa sekondari mkoani Dodoma. Vijana wa namna hii huvutwa kwa maneno ya udugu, kisha husogezwa mbali na kwao kidogo kidogo.

Kwa hivyo mzazi asimkataze mtoto kujiunga, bali amfundishe kuuliza kabla ya kuandika jina lake.

1. Je, chuo kinaijua jumuiya hii, na viongozi wake huchaguliwa mbele ya watu?

2. Je, anayeingia hutakiwa kula kiapo au kutoa bay'ah? Jumuiya ya wanafunzi haina haki ya bay'ah. Inatosha ahadi ya kufuata katiba yao.

3. Je, michango inaandikwa na hesabu zinasomwa kwa wanachama?

4. Je, wanamsaidia na asiyekuwa mwanachama, na mwenzao akikosea humwambia ukweli?

5. Je, mtu akitoka, salamu inaendelea?

6. Je, ninaweza kumsimulia mama kila tulilolizungumza leo?

Hilo la sita lipewe uzito zaidi. Jibu likiwa hapana, atoke siku hiyo hiyo na amwambie mzazi au mwalimu anayemuamini.

Nanyi wazee mna sehemu yenu. Takeni namba ya kiongozi wa jumuiya na ya imamu wa msikiti ulio karibu na chuo. Mpigieni mtoto simu kumuuliza anakula na nani na anaswali na nani, si matokeo ya mtihani tu. Na akikuelezeni jambo la kutisha, msimpigie kelele, kwani atakayekemewa kwa kusema kweli mara moja, mara ya pili atanyamaza.

Allaah awahifadhi watoto wetu popote walipo na awakutanishe na wema.

Wa-Allaahu A'lam.