Pori Lina Wenyewe

Kuna ndoto inayozunguka siku hizi katika kitivo chetu, na haionekani kuwa ya mtu mmoja. Mwanafunzi anayesubiri mwalimu nje ya ukumbi hufungua simu na kumtazama mtu wa mbali akijenga kibanda cha magogo kando ya mto, bila jirani, bila bosi, bila deni. Akiinua macho anaona vumbi la malori ya madini, anakumbuka umeme uliokatika tangu asubuhi na ada ambayo haijalipwa. Anasema: "Mimi ningeacha yote haya nikaishi porini." Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu amekwisha kupiga hesabu. Atauza kompyuta yake, anunue panga, turubai na nyavu, na hatangoja kutetea kazi yake ya mwisho.

Sitamcheka. Mtu anayeuza saa zake zote za mchana ili apate bukari ya jioni ana haki ya kuuliza kama hakuna namna nyingine ya kuishi. Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi tunayopewa. Ninachopinga ni picha aliyo nayo ya huko anakotaka kwenda. Pori tupu, lisilo na mtu wala historia, halipo kwetu. Kilichopo ni nchi yenye wenyewe na yenye majina, na anayetaka kuishi humo hana budi kuanza kwa kuwajua hao na kujifunza hayo.

Tuanze na maneno, maana hiyo ndiyo kazi tuliyoijia hapa. Kiswahili kina pori, mwitu, msitu na nyika, na mara nyingi maneno haya husemwa na mtu aliye nje ya mahali panapotajwa. Chukua nyika. Watu wa miji ya pwani ya Kenya waliita hivyo bara lililo nyuma yao, na wakazi wake wakawaita Wanyika. Kumbe huko walikuwako Wagiriama, Wadigo, Warabai na ndugu zao, wenye makaya ndani ya misitu, wenye wazee, mashamba na sheria zao. Jina la Wanyika hawakulipenda. Leo wanaitwa Wamijikenda, yaani watu wa miji tisa, na misitu ya makaya yao imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Palipoitwa nyika na wengine, wenyewe walipaita mji.

Neno la upande wa pili ni ustaarabu, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kujifanya Mwarabu. Kwa hiyo lugha ilitupa jozi: mji na ustaarabu upande huu, nyika na ushenzi upande ule. Mwenye ndoto ya leo anadhani ameivunja jozi hiyo kwa sababu anausifu upande wa pili. Ukweli ni kwamba ameigeuza tu. Bado anaamini kwamba kule hakuna mtu.

Sasa tuiache kamusi tutoke nje ya Likasi, tulitafute pori hilo. Ukielekea mashariki utafika kwenye ziwa Tshangalele, lenye ndege wengi na mitumbwi ya wavuvi, na utasema umefika mwanzo wa dunia. Ziwa hilo lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililojengwa wakati wa ukoloni ili migodi ipate umeme. Ukielekea magharibi, mwendo wa kama kilomita 20, utakuta mahali ambapo nyasi na miti vimefunika majengo ya zamani. Usitandike turubai lako hapo. Ni Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mabomu ya atomiki ya Marekani mwaka 1945. Ukienda mbali zaidi kuna hifadhi za Upemba, ya mwaka 1939, na Kundelungu, ya mwaka 1970. Huko wanyama wana sheria na walinzi wao, na mgeni mwenye panga na nyavu ataitwa jangili, hataitwa mpenda uhuru. Miti ya miombo iliyobaki katikati ina machifu wanaoigawa, wakulima wanaoizunguka na wachoma makala wanaotulisha sisi wenyewe. Kila jioni chakula chetu cha mjini kinapikwa kwa pori.

Wazazi na mababu wa wengi wetu walikwisha kuishi porini, na hawakwenda kwa kupenda. Bourse du Travail du Katanga ilipoanzishwa mwaka 1910 ili kutafuta wafanyakazi wa migodi, wako wanakijiji walioingia porini kuwakwepa waandikishaji wake. Katika miaka ya 2000, watu wa Mitwaba, Manono na Pweto walijificha porini kwa sababu ya vita kati ya jeshi na Mai-Mai, na eneo lao likaitwa pembetatu ya kifo. Kwao kulala chini ya mti bila bosi na bila deni kulikuwa na maana ya homa, njaa na mtoto asiyetakiwa kulia usiku.

Kuna kurudi kwingine kulikokuwa karibu zaidi nasi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1994 hazikufika hata 50,000. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliliita kundi hilo la familia, katika jina la kitabu chake cha 2001, Bana Shaba walioachwa na baba yao. Watu waliokuwa wamezoea mshahara, mgawo wa unga na hospitali ya kampuni walishika jembe wakiwa na umri mkubwa, kwenye udongo wasioujua. Waliofaulu, kwa ninavyoona katika mitaa yetu, ni wale waliokuwa na shangazi, mjomba au rafiki kijijini wa kuwaambia mvua itaanza lini na shamba gani limechoka.

Hapo ndipo suala hili linapotuhusu sisi wa lugha zaidi ya watu wa vitivo vingine. Kiswahili chetu cha Katanga ni mtoto wa njia za biashara na wa kambi za kazi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986, alionyesha jinsi kukua kwake kulivyofungamana na mahitaji ya wakoloni ya kuongoza wafanyakazi. Ni lugha ya watu waliotolewa vijijini wakakutanishwa mjini, na ina utajiri mkubwa wa maneno ya kazi, ya soko na ya mtaa. Lakini mpeleke mwanafunzi wa Likasi miomboni baada ya mvua za Novemba. Ataona uyoga wa kila rangi na atakuwa na neno moja: bowa. Bibi yangu, aliyelima karibu na Lufira maisha yake yote, ana jina la kila aina. Majina mengine yanakuambia uyoga unaota chini ya mti gani, mengine yanakuonya usiuguse. Majina hayo ni ya Kisanga. Mimi nayajua machache, na wadogo zangu hawajui hata moja. Bibi hajawahi kupaita pale porini.

Kwa hiyo mwenzetu wa mwaka wa tatu anataka kwenda kuishi mahali ambapo lugha zote anazozisoma hapa hazitamwambia kipi kinalika. Christopher McCandless, kijana wa Kimarekani, aliingia peke yake katika nyika ya Alaska mwaka 1992 na kufa njaa ndani ya basi bovu akiwa na miaka 24. Waliomwandika wengi hubishana kama alikuwa shujaa au mjinga. Mimi naona jambo dogo zaidi: alikufa katika nchi ambayo wenyeji wameishi kwa maelfu ya miaka, na hapakuwa na mwenyeji karibu naye wa kumwelekeza.

Hata Henry David Thoreau, baba wa ndoto hii katika vitabu, hakuishi porini tulikofikiri. Kibanda chake cha Walden, alichokaa kuanzia 1845 hadi 1847, kilikuwa kwenye ardhi ya rafiki yake Emerson, na mjini Concord alikwenda kwa miguu mara kwa mara. Alipanda maharage ekari mbili na nusu. Katika kitabu chake anawataja watu walioishi msituni humo kabla yake, wakiwamo Weusi waliokuwa wametoka utumwani. Aliyekwenda kutafuta upweke alikuta mahame ya majirani.

Fasihi ya Kiswahili ina mtu wake wa kuacha mji, nasi tunamsoma bila kumsikiliza. Ni Utubora wa Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima. Anaacha kazi ya mshahara mjini, anakwenda Busutamu. Lakini haendi porini. Anakwenda shamba. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo hoja yangu nzima. Katika pori la ndoto zetu mtu huenda kuwakimbia watu, ila shamba halilimiki bila jirani, mbegu ya kuazima, njia ya kwenda sokoni na mtu wa kukuzika.

Najua nitakalojibiwa. Kijiji nacho kina mzigo wake: madai ya ndugu, masengenyo, tuhuma za uchawi, chifu anayetaka chake kabla hujapanda. Ni kweli. Wengine wanaoota pori wanakimbia hayo hasa, na si malori ya madini. Pia kuna watu ambao roho zao huhitaji ukimya kama wengine wanavyohitaji ngoma. Watawa wamekuwapo karne nyingi na sina neno nao. Lakini mtawa huvumilia upweke kwa sababu ana sala, kanuni na watu wanaojua alipo. Sisi tunataka upweke bila kanuni, na hatimaye tutamrudia yule yule shangazi tuliyemkimbia, tukiwa na homa, tukiomba dawa ambayo jina lake hatulijui.

Basi nina mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa mwenye ndoto. Maliza kutetea kazi yako, kisha nenda, lakini nenda kwa mtu. Kaa msimu mmoja wa mvua kwa mkulima anayekubali kukupokea, kuanzia kupanda hadi kuvuna, uchome makala naye na ubebe naye hadi barabarani. Baada ya hapo, ukiamua kubaki, utakuwa umeamua ukiwa na macho.

La pili ni kwa kitivo. François Malaisse alitoa mwaka 1997 kitabu kikubwa, kwa Kifaransa, juu ya vyakula vya msitu wa miombo: uyoga, viwavi, matunda, mizizi. Yeye ni mwanaikolojia. Kazi ya upande wa lugha ni yetu, na bado inatungoja. Kila mwaka tunaandika kazi za mwisho juu ya riwaya zile zile. Kwa nini wanafunzi kumi wasipewe vijiji kumi kati ya Likasi na Lufira, kila mmoja arudi na majina ya miti, viwavi na uyoga kwa Kisanga, Kilamba au Kiluba, pamoja na maelezo ya Kiswahili ambayo mtoto wa mjini ataelewa? Hakuna mashine inayohitajika. Panahitajika daftari, nauli na heshima ya kumwamkia mzee kabla ya kumhoji. Wazee hao hawatatungoja sana.