Ndege Zikisimama, Jipange

Harambee Avenue, dakika chache kwa miguu kutoka Kencom, kuna jengo kuukuu linaloitwa Old Treasury. Humo ndimo ilimo Wizara ya Mambo ya Nje. Mzazi wa Kangemi au Uthiru ambaye mtoto wake amekwama ng'ambo hana mlango mwingine wa kubisha. Anapanda matatu ya 23, anashuka tao, anangoja. Na jibu analopewa, ukilivua suti, ni neno ambalo sisi wa mtaani tunalijua vizuri: jipange.

Nasema hivi kwa sababu ya 2020. Najua mmechoka na habari za korona, hata mimi nimechoka. Lakini kuna deni la mwaka ule ambalo hatujalidai.

Januari China ilifunga mji wa Wuhan. Ndani mlikuwa na Wakenya karibu 100, wengi wao wanafunzi. Mwisho wa mwezi huo Kenya Airways ikasimamisha safari zake za Guangzhou. Morocco ikatuma ndege kuchukua watu wake, Algeria vilevile. Afrika Kusini ilijikokota, lakini Machi ikawaleta wake na kuwaweka karantini hotelini karibu na Polokwane. Sisi tulituma shilingi milioni 1.3. Gawa kwa watu 100 upate kama 13,000 kila mtu, pesa ambayo Nairobi haitoshi hata kodi ya bedsita yenye maji.

Tuwe wakweli, hoja ya serikali haikuwa ya kijinga. Ugonjwa ulikuwa mgeni, hospitali zetu hazikuwa tayari, na kuna Wakenya wengi, hata kwetu Uthiru, waliosema wazi kwamba hao wanafunzi wasiletwe. Ningeimeza hoja hiyo kama si tarehe 26 Februari. Siku hiyo ndege ya China Southern ilitua JKIA kutoka Guangzhou na abiria 239. Waliambiwa wakajitenge siku 14, basi. Mfanyakazi wa uwanja aliyerekodi video ya ndege hiyo akasimamishwa kazi, na siku mbili baadaye Mahakama Kuu ndiyo iliyoamuru safari za kutoka China zisitishwe. Yaani lango lilikuwa wazi wakati wote kwa mwenye tiketi. Aliyefungiwa ni yule aliyehitaji serikali imfuate. Na mgonjwa wa kwanza, aliyetangazwa Machi 13, hakutoka Wuhan. Alitoka Marekani kupitia London.

Machi 25 tukafunga anga kabisa kwa ndege za abiria kutoka nje. Hapo sasa hata mwenye pesa akakwama: London, Mumbai, Guangzhou. Huko Guangzhou Waafrika walikuwa wanatolewa nyumbani na kulala nje, Wakenya wakiwamo. Tangazo la wizara likaja mwishoni mwa Aprili: ndege zitakuja Mei, lakini ujilipie tiketi, ujilipie kipimo, na ukifika ujilipie karantini.

Soma Katiba, Kifungu cha 39. Kila raia ana haki ya kuingia Kenya. Hakuna mahali kimesema raia mwenye akiba. Serikali ikifunga njia zote kisha ikaacha moja tu, ya shirika ambalo yenyewe inamiliki karibu nusu yake, na kuiwekea bei, hiyo haki imegeuka bidhaa. Karantini nayo ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku kwenye vituo vya serikali. Zidisha kwa 14. Tuliona video ya watu wakiruka ukuta KMTC hapa Nairobi, tukacheka, tukatengeneza mimi. Mei 6, baada ya kelele, serikali ikakubali kubeba gharama ya vituo hivyo.

Kwenye ploti yetu kulikuwa na mama mwenye kijana China. Kumpeleka, watu walichangishana kanisani, na wakubwa wakaja kupiga picha na yule kijana ameshika barua ya ufadhili. Kumrudisha, kanisa limefungwa, kwa hivyo harambee ikahamia WhatsApp. Wachangaji walewale, nusu yao wamefutwa kazi. Wakubwa wa picha hawakuwamo kwenye grupu. Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo, kwa hivyo naijua harambee ya masomo: ya kwanza watu wanatoa, ya pili wanazima simu.

Na usidanganywe kwamba haiwezekani. Aprili 15, 2023 vita vilizuka Khartoum na uwanja wa ndege ukafungwa. Wanafunzi wetu walikuwa kule. Walitolewa kwa barabara hadi mipakani, na tarehe 24 ndege ya jeshi ikatua JKIA na kundi la kwanza, hata wanafunzi wa Somalia wakiwamo ndani. Ile haikuwa ndege ya kuuza tiketi. Wizara ni ileile, jengo ni lilelile la Harambee Avenue. Tofauti ni kwamba mwaka huo kulikuwa na nia, na mtoto wa mtu hawezi kupanga masomo yake kwa kubahatisha nia ya waziri.

Ninachotaka ni kanuni iliyoandikwa. Iseme ndege zikisimama, baada ya siku ngapi serikali inatuma usafiri, na nani analipa. Walioko ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na Benki Kuu inazihesabu kila mwezi. Basi wizara nayo ihesabu wanafunzi wanaotoka, ijue wako mji gani.

Na kama shida ni pesa, wamkopeshe. Marekani huwapandisha raia wake kwanza, wakishatia saini kwamba watalipa baadaye. Hapa tuna HELB, ambayo inajua kumsaka mtu miaka kumi baada ya kutoka chuo, awe amemaliza au hajamaliza, na kumkata kwenye mshahara. Mtambo wa kudai tayari tunao. Kilichobaki ni ndege.