Kifo, Duka na Tangazo la Gazeti: Riwaya ya Siri Ije Kisumu

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa visiwani. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na tangu kitabu hicho kilipochapishwa mwaka 1960, Bwana Msa na kiko chake wamekuwa kigezo. Husahaulika kwamba Bwana Msa hakuwa mtu wa bastola. Mafumbo aliyoyafumbua yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ya nasaba, ndoa na urithi. Waliomfuata bara katika miaka ya 1970 na 1980 walimwacha njiani, wakamchukua jasusi wa mjini mwenye gari la kasi na chumba katika hoteli ya kifahari. Hasara ya badiliko hilo haijapimwa vya kutosha, na mahali pa kuipimia ni Kisumu.

Mji huo ni wa biashara tangu reli ilipoufikia mwaka 1901, ulipokuwa ukiitwa Port Florence. Alidina Visram alifungua duka huko kama alivyofungua mengine kandokando ya reli hadi Uganda; alipofariki mwaka 1916, himaya yake haikudumu miaka mingi mikononi mwa warithi. Katika miaka ya 1980 mbuta walijaa ziwani, vikajengwa viwanda vya minofu, na nyuma ya minofu iliyokwenda Ulaya walikuwapo wenye mashua, wenye malori na wenye barafu. Biashara za namna hii aghalabu ni za familia, na siri zake humo kichwani mwa mtu mmoja: nani anadaiwa, mashua iliyoko Usenge imeandikwa jina la nani, kodi ya kibanda cha Kibuye hupokewa na nani.

Mtu huyo akifa, hadithi imeanza. Kwanza hutolewa tangazo la kifo gazetini, lenye picha na orodha: mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, mkwe wa fulani. Hakuna utanzu wa maandishi nchini Kenya unaosomwa kwa jicho la kipelelezi kuliko huo. Jina moja likiachwa kwa makusudi, matanga hayataisha kwa amani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Ufuoni mwa ziwa, kifo humwumbua hata mficha watoto.

Kisha huja sheria, na hapa mwandishi chipukizi hupewa msuko bila jasho. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hukataza mtu yeyote kuigusa mali ya marehemu kabla mahakama haijamwidhinisha msimamizi. Akaunti ya benki hufungwa. Mwenye barafu anadai, wavuvi wanadai, na lori limesimama uani kwa kuwa kadi yake ina jina la maiti. Ombi la usimamizi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Je, ni mtunzi gani wa taharuki angebuni saa nzuri kuliko hiyo? Siku ya 29 mwanamke wa Mbita anaingia masjala akiwa na watoto watatu na cheti cha ubatizo. Marehemu akiwa na nyumba mbili, sheria hiyo huigawa mali kwa kuzingatia idadi ya watoto wa kila nyumba, na duka lililodhaniwa kuwa la watu wanne linakuwa la watu wanane.

Wahadhiri wengine watasema haya ni magomvi ya ukoo, si upelelezi. Hoja hiyo ilijibiwa na Wakenya wenyewe mwaka 1987. Kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ilifuatiliwa nchi nzima kwa miezi kama hadithi ya mfululizo. Hata mchimba kaburi alipanda kizimbani kueleza aliyoyasikia kwa marehemu. Mwezi Mei akazikwa Nyalgunga, Siaya, kama ukoo wa Umira Kager ulivyotaka na kinyume cha matakwa ya mjane wake. Fumbo la kesi ile halikuwa nani aliua. Lilikuwa marehemu alikuwa nani na alikuwa wa nani.

Hatari moja yafaa itajwe bila kupakwa mafuta. Mjane wa pili hugeuzwa mchawi au mwindaji wa mali, na pale mwandishi anapokwama, chira huletwa kufunga kila mlango uliobaki wazi. Huo ni uvivu. Mwanamke aliyepanga foleni ya samaki Dunga alfajiri kwa miaka 15, akauza, akampa mumewe fedha za kununulia mashua ya pili, ana hoja ya hesabu. Riwaya inayomnyima daftari lake la madeni imemficha shahidi muhimu kuliko wote, na msomaji hutambua kuwa amedanganywa.

Kiswahili chenyewe hakitakwama. Mbuta, ngege na omena ni maneno yanayojulikana mbali na ziwa, na mahakamani, sokoni na kituo cha polisi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mjaluo, Mluhya, Mkisii na Mhindi mwenye duka. Kinachohitajika ni mtunzi aliye tayari kuketi masjala ya Mahakama Kuu ya Kisumu siku chache na kusoma Gazeti Rasmi lote, kurasa zile zenye majina ya wafu zikiwamo. Kwa kawaida hutoka kila Ijumaa.