Kodi ya nyumba ilipwe kwa mwezi

Nimepanga chumba kimoja Tandika, Dar es Salaam. Kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Ongeza mwezi mmoja wa dalali, tayari ni 420,000 kabla hujanunua hata ndoo. Mimi ni fundi cherehani. Fedha yangu huingia gauni kwa gauni. Kodi inapoisha, majirani hukimbilia mikopo ya riba kubwa, ile iitwayo kausha damu, ili vyombo vyao visitolewe nje.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005. Mpangaji akabaki na mkataba wake, ambao mara nyingi ni wa mdomo tu.

Waheshimiwa wabunge, tungeni sheria mpya. Kodi ya kuanzia isizidi miezi miwili, mkataba uandikwe, na notisi itolewe mapema kabla ya kupandisha kodi au kumtoa mtu.

Wenye nyumba wanasema fedha ya mkupuo ndiyo inayowawezesha kumalizia ujenzi, kwa kuwa riba za benki ni kubwa. Wana hoja. Kwa hiyo vyumba navyo viongezeke: sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Halmashauri zipime viwanja vidogo vyenye barabara na maji, na Shirika la Nyumba la Taifa lijenge nyumba za kupangisha ambazo kinyozi na mama lishe watazimudu.

Sisi wapangaji ni wapiga kura pia. Mbunge atakayekuja kuomba kura aje na jibu la kodi.