Sukari ya mwanafunzi ikishuka, shule iwe tayari

Kila shule yenye mwanafunzi mwenye kisukari cha aina ya kwanza lazima iwe na mwalimu aliyefunzwa kumwokoa sukari yake inaposhuka ghafla.

Hatari hii haisubiri gari la wagonjwa. Insulini ikizidi chakula, sukari huteremka chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Mtoto hutokwa na kijasho chembamba, hutetemeka, huropoka, na asiposaidiwa hushikwa na degedege na kuzimia. Wengi wakisikia kisukari humnyima kitu kitamu, kumbe ndicho kinachohitajika: akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akizimia, asitiwe chochote mdomoni, alazwe kiubavu.

Hapo tiba ni dripu ya glukosi au sindano ya glukagoni. Glukagoni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ila katika zahanati zetu kuipata ni bahati. Hali hii haikubaliki.

Wenye dhamana ya elimu na afya wawafunze walimu, na wapeleke vipimo shuleni na glukagoni zahanati kabla ya muhula ujao.