Giaboksi ya Kombi na Elimu ya Ufundi

Yapo mambo yanayodhaniwa kuwa ya mafundi pekee, ilhali yana funzo kwa taifa zima. Chukua magari ya Kombi ya Volkswagen yaliyoundwa Ujerumani kati ya 1950 na 1967. Wanaoyafufua leo huweza kuyatia giaboksi ya Beetle, kwa kuwa ni ya ukoo mmoja. Hapo ndipo penye mtego.

Katika Kombi hizo, kila gurudumu la nyuma lina jozi ya gia za ziada. Kazi yake ni kuliinua gari na kuliongezea uwezo wa kuvuta, maana injini ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu. Lakini gia hizo hugeuza pia mwelekeo wa mzunguko. Fundi akiifunga giaboksi ya Beetle jinsi ilivyo, bila kuihamishia gia kubwa ya difu upande wa pili, atapata gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele!

Nauliza: je, mtaala wa umilisi ulioanza 2017 umeepuka mtego kama huo? Mfumo wa 8-4-4 nao, ulipoanza 1985, uliahidi ufundi. Vifaa vikakosekana, masomo yakapunguzwa. Tusibadilishe kiungo kimoja tukausahau mtambo mzima. Mwanafunzi ashike spana na pia ahesabu meno ya gia. Mwalimu apewe karakana pamoja na silabasi. La sivyo, tutakanyaga mafuta kwa bidii, kumbe twarudi nyuma.